Vipimo Viwili vya Leota Fenner

Leota Fenner hakuwa mtu wa kuamini watu. Akiingia mkahawani, alikaa mahali anapouona mlango. Akiletewa pai ya pichi, aliinua kwanza ukoko wake kwa uma ahakikishe kwamba chini kuna pichi kweli. Nilifahamiana naye miaka ishirini na miwili, na muda wote huo hakuwahi kuondoka chumbani akaniachia penseli yake.

"Sisemi wewe mwizi, Ferris," aliniambia siku moja. "Nasema bado hujapata nafasi."

Alizaliwa Muskogee, huko Oklahoma. Baba yake alipiga piano kanisani na kutunga nyimbo zake mwenyewe jioni akitoka kazini. Mtu mmoja mwenye viatu vya rangi mbili alitoka Chicago, akasikia wimbo mmoja, akausifu, akaondoka na karatasi akisema atauonyesha kwa wakubwa. Leota alikuwa na miaka kumi na mmoja siku waliposikia wimbo ule redioni, umepewa jina jingine na mtunzi mwingine. Baba mtu aliusikiliza mpaka ukaisha, akazima redio, akatoka nje kuwalisha kuku. Leota alinihadithia jambo hilo mara moja tu, na tangu hapo nikaacha kumtania kuhusu penseli.

Nilipokutana naye, Los Angeles, yeye alikuwa mnakili wa noti za muziki, mimi napiga besi. Miaka hiyo watu waliocheza dansi kabla ya vita walikuwa wameshanyoa ndevu nyeupe mara nyingi. Walikuwa na nyumba, walikuwa na mashine mpya za stirio sebuleni, na walitaka nyimbo za ujana wao zisizokwaruza. Kampuni zikaona soko. Zikakusanya wanamuziki kumi na sita studioni, zikawataka wapige upya muziki wa swingi wa zile bendi kubwa, noti kwa noti, kama ulivyopigwa mwaka thelathini na saba au arobaini. Si kuufanya wa kisasa, hapana. Mpiga tarumbeta aliye hai alitakiwa apige alichopiga marehemu, na akohoe marehemu alipokohoa.

Shida ni kwamba karatasi za asili hazikuwepo. Nyingine ziliungua, nyingine zilisahauliwa kwenye mabasi, nyingine zililiwa na panya. Ikabidi apatikane mtu wa kukaa na santuri kuukuu, kuisikiliza polepole, na kuchomoa humo alichopiga kila mmoja wa watu kumi na sita, kisha amwandikie kila mtu karatasi yake. Mjini petu aliyeweza kazi hiyo bila kubahatisha alikuwa Leota. Alivaa vile vya kusikilizia masikioni kutwa nzima, na akivivua alikuwa na alama nyekundu juu ya masikio kama mtu aliyebanwa.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba katika kila wimbo alioandika aliweka mtego. Noti moja, mahali ambapo hakuna sikio litakaloihisi, mara nyingi kwenye tarumbeta ya tatu, aliibadilisha makusudi. Mtu akiiba karatasi zake na kuziuza kama zake, ile noti itamtaja.

Sasa, mwaka 1971, mwezi wa kumi, tulikuwa tunarekodi kila Jumatano asubuhi kwa kampuni moja iliyouza santuri kwa njia ya posta. Mtayarishaji alikuwa Whitcomb Lasher, mtu wa maneno laini na meno mengi, aliyezungumza nasi kwa kipaza sauti kutoka nyuma ya kioo. Wiki hiyo wimbo ulikuwa "Jumanne Sedalia" wa bendi ya Clyde Marbury. Kila mpenzi wa swingi aliujua kwa sababu ya ile solo ya saksafoni ya tenori ya Rex Dunaway. Watu walioana kwa solo ile. Dunaway mwenyewe alikuwa amekufa ajalini miaka ishirini nyuma, na kufa kulimzidishia umaarufu.

Solo tulimpa Gil Prentiss, kijana wa miaka thelathini na kidogo, fundi kweli, na alijijua kwamba ni fundi. Pembeni yake, kiti cha tenori ya pili, alikaa Amos Tillery. Huyu alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na moja, mashati yamepigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Alikuja kwa wakati, akapiga, akaondoka. Baada ya wiki tano sijui kama nilikuwa nimemsikia akisema maneno kumi.

Gil akaanza solo. Ilikwenda vizuri mpaka katikati, kwenye vipimo viwili, vile vipande vidogo vinavyogawa wimbo, akasimama.

"Hapa pana kasoro," akasema. "Vipimo hivi viwili havikai. Hakuna mtu mwenye akili zake aliyewahi kupiga hivi."

Leota alikuwa kwenye meza yake ukutani. "Piga kilichoandikwa."

"Bi Leota, nakuheshimu, lakini hiki si kitu cha Dunaway. Hiki ni kitu cha mtu anayeteremka ngazi gizani."

Watu wakacheka. Akarudia, akajikwaa palepale. Mara ya tatu, kabla hajalalamika tena, tukasikia saksafoni ya pili. Tillery, macho kwenye viatu vyake, alipiga vipimo vile viwili kwa namna nyingine kabisa, taratibu, kama mtu anayejikuna. Vikakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Kisha sauti ya Lasher ikaja kutoka juu: "Nani huyo? Hicho hicho! Gil, chukua hicho."

Mimi nilikuwa namwangalia Leota. Penseli yake ilikuwa imesimama hewani.

Tulipopumzika alikwenda moja kwa moja kwa Tillery.

"Ulikitoa wapi kile?"

"Nimebahatisha tu, mama."

"Mtu habahatishi noti kumi na tisa."

"Bahati yangu siku hizi nzuri," akasema Tillery, akainuka kwenda kunywa maji.

Mchana Leota alinivuta mkahawani, akaagiza bakuli la maharage na nyama yenye pilipili ambalo hakuligusa.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Vile vipimo viwili ni vyangu. Nilivitunga."

"Ulivitunga?"

"Santuri ya kampuni pale imechimbika. Watu walikuwa wanairudisha sindano palepale waisikie solo tena na tena, mpaka mfereji ukaisha. Unasikia kelele kama mafuta yanayochemka, basi. Nikajaza. Sikusema kwa sababu hakuna aliyeuliza. Na kampuni imeshatafuta nakala safi nchi nzima, haijapata. Sasa niambie, yule bwana amekijuaje kilichokuwa pale?"

"Labda na yeye kajaza, kama wewe."

"Mimi nilijaza nikakosea. Yeye kajaza akapatia. Kuna tofauti." Alisogea karibu. "Halafu kuna jambo la droo."

"Droo gani tena?"

"Nafunga droo yangu ya studio kwa uzi mweusi, mmoja, huuoni usipoujua. Wiki tatu sasa naukuta umekatika. Kuna mtu anafungua, anatoa karatasi, anarudisha. Na hapohapo anatokea mtu asiyesema, anayejua mambo yasiyoandikwa. Wewe unaona nini?"

"Naona mtu mwenye masikio mazuri."

"Wewe utaibiwa mpaka soksi," akasema.

Kesho yake alikwenda ofisi ya chama cha wanamuziki kuuliza habari za Amos Tillery. Akaambiwa alijiunga mwaka arobaini na sita, akitokea Wichita. Na kabla ya hapo? Kabla ya hapo hakuna kitu. Leota alinipigia simu. "Mtu hazaliwi mwaka arobaini na sita, ana miaka ishirini na sita na saksafoni mkononi!" Siku mbili mfululizo alimvizia kwake na kumfuata kwa gari. Tillery alipanda basi, akashuka kwenye duka la dobi, akaingia nyuma, akapiga pasi mashati hadi saa kumi na mbili, akarudi kwake, akafunga pazia.

"Umeona?" nikamwambia. "Mtu anafanya kazi mbili, basi."

"Mtu safi namna hiyo anaficha kitu."

Akaweka tangazo kwenye gazeti la wakusanyaji wa santuri. Siku kumi zikapita, mkulima mmoja wa zabibu kule Fresno akajibu kwamba anayo "Jumanne Sedalia", safi, aliinunua mwenyewe alipokuwa anachumbia, lakini haitoki ndani ya nyumba yake. Leota hakuamini posta wala mkulima. Jumamosi nikampeleka kwa gari langu.

Mkulima, bwana mnene wa upole, alituweka jikoni, mkewe akatuandalia kahawa na mkate wa zabibu. Santuri ikazunguka. Ilipofika pale, nilimwona Leota akifumba macho. Vipimo viwili vikapita, wazi kama mtu anaongea nawe mezani. Vilikuwa vile vya Tillery, noti kwa noti.

"Tena," akasema Leota.

Aliisikiliza mara tisa. Mara mbili za mwisho hakuandika noti. Aliweka vistari vidogo tu kwenye karatasi. Mkulima akaninong'oneza: "Dada yako huyu yuko sawa?" Nikamwambia si dada yangu, na kwamba hivyo ndivyo anavyokuwa akiwa sawa.

Tukashika njia ya kurudi hadi Bakersfield. Hapo akasema, "Ferris. Dunaway hapumui pale."

"Wapi?"

"Nimeandika solo kumi na nne za Rex Dunaway. Yule ana mapafu ya ng'ombe, anapumua mwisho wa sentensi ya muziki. Huyu wa kwenye santuri anakata pumzi mapema, baada ya noti ya tatu au ya nne, kabla hajapanda. Kwenye ile mbovu huwezi kusikia, kuna kelele. Kwenye hii nimesikia." Akageukia dirisha. "Si Dunaway."

Ilikuwa kama mtu kukuambia aliyemwoza dada yako hakuwa mchungaji.

Jumatatu tukamngoja Tillery mlangoni kwa dobi. Alipotuona wawili, alirudi nyuma hatua moja.

"Nani kawatuma? Lasher?"

"Hakuna aliyetutuma," nikasema.

"Kila mtu katumwa na mtu," akasema Tillery, na kwa mara ya kwanza nikaona Leota anamtazama kwa heshima kidogo.

Tulikaa kwenye duka la maandazi ng'ambo ya barabara. Leota akamwekea karatasi yenye vistari mbele yake. "Hizi ni pumzi za mtu aliyepiga 'Jumanne Sedalia'. Nataka jina lake."

Tillery aliivuta karatasi. Aliipapasa kwa kidole, kama inaweza kuwa na moto.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema mwishowe. "Tuko Chicago. Asubuhi ya kurekodi Dunaway kaamka na jino, taya limevimba hivi, hawezi hata kunywa maji. Studio imeshapangwa. Marbury akaniangalia. Mimi nilikuwa wa kubeba masanduku na kukaa kiti cha mwisho wakikosekana watu. Akasema, piga. Nikapiga. Halafu akaniletea karatasi ya kusaini kwamba sikuwepo, maana jina la Dunaway lilishachapwa kwenye matangazo. Nikasaini. Nilikuwa na njaa na suti ya kuazima."

"Na hukusema miaka yote?" nikauliza.

"Nilisema mara moja, Wichita. Watu walicheka mpaka mmoja akanimwagia bia. Nilikuwa nikipiga solo ile kwenye dansi wananiambia, 'Kijana, unamwiga Dunaway vizuri, ila huna roho yake.'" Akatabasamu kwa upande mmoja. "Ukishaambiwa hivyo mara kumi unanyamaza."

Leota alikuwa anakoroga kahawa.

"Hadithi nzuri," akasema. "Nzuri mno. Kila mzee wa saksafoni Amerika hii anadai alikuwepo Chicago siku hiyo. Huenda una santuri safi nyumbani, ukajifunza."

"Leota!" nikamkemea.

"Mwache," akasema Tillery. "Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo." Akachukua kofia yake akaenda.

Jumatano iliyofuata tulikuwa na wimbo mwingine, wa polepole. Tulipofungua karatasi nikaona Tillery anakunja uso. Leota alikuwa amempa tenori ya pili mistari mirefu isiyo na pa kupumzika. Yeye mwenyewe alikaa hatua mbili kutoka kwake, penseli mkononi, akimsikiliza anavyovuta pumzi. Gil Prentiss akaninong'oneza, "Bi mkubwa anamhesabia nini yule, dhambi?"

Baada ya kazi alinionyesha karatasi mbili, moja juu ya nyingine, dirishani. "Mahali kumi na moja panapofanana umbo. Tisa anapumua kama yule wa Chicago. Nimemuuliza, anasema utotoni aliugua mapafu, nusu ya moja haifanyi kazi vizuri. Noti mtu anaweza kujifunza. Pumzi fupi hawezi kujifunza, hana sababu."

"Basi umemwamini."

"Tisa, nimesema. Zile mbili ndizo zinazonisumbua."

Na uzi wa droo ulikuwa umekatika tena.

Jumapili hiyo tulikuwa tunakula wali na maharage mekundu nyumbani. Mke wangu Bernadine alikuwa mwalimu wa bendi katika shule moja ya sekondari, na wachapaji wa noti za muziki walikuwa wakimletea sampuli kila mwezi.

"Ferris, huu si wimbo wenu?" akaniuliza, akanipa bahasha. "'Jumanne Sedalia', kwa bendi za shule. Nimewapa watoto, tarumbeta ya tatu ina kosa, kipimo cha arobaini na moja. Na hii solo ya saksafoni, hapa katikati, sijui aliyeandika alikuwa amelala."

Nikasogeza sahani. Palikuwa pale, vipimo viwili vya kuteremka ngazi gizani. Vile ambavyo Leota alivitunga kichwani mwake, ambavyo havikuwa kwenye santuri yoyote duniani. Chini ya ukurasa, kwa herufi nzuri: imenukuliwa na kupangwa na W. Lasher.

Nilikwenda kwa Leota bila hata kumaliza chakula. Alifungua mlango kwa mnyororo, akanitazama, akanitazama tena, akafungua. Nilimpa karatasi. Hakuangalia solo. Alikwenda moja kwa moja kwenye tarumbeta ya tatu, kipimo cha arobaini na moja, akaweka kidole pale, na polepole uso wake wote ukacheka. Hapo ndipo aliponieleza habari za mitego.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. "Na wewe ulikuwa unamfuata mzee wa watu kwa dobi."

"Nilikuwa nafuata mmoja mmoja," akajibu. "Lasher alikuwa wa nne. Wewe ulikuwa wa pili."

Asubuhi yake tuliingia ofisini kwa Lasher. Leota alikuwa ameniomba niwe shahidi nisiseme kitu. Leota akaweka karatasi ya shule mezani, na ya kwake kando.

Lasher alitabasamu. "Bi Fenner, haya ni mambo ya kawaida kwenye biashara. Kazi uliifanya kwa kampuni."

"Kampuni, ndiyo. Jina lililo hapa si la kampuni. Ni lako. Na kampuni inajua?"

Meno yakapungua. "Noti ni noti. Mtu yeyote anaweza kusikiliza santuri akaandika."

"Nionyeshe basi santuri yenye hii noti ya tarumbeta ya tatu. Au hivi vipimo viwili. Nitakaa hapa nikungoje."

Lasher akaangalia kidole chake kikigonga meza. Mwishowe akauliza, "Unataka nini?"

"Jina langu kwenye karatasi za shule. Na kwenye kijitabu cha santuri mpya uandike kwamba mwaka thelathini na tisa aliyepiga solo hii ni Amos Tillery."

"Nani? Yule wa tenori ya pili?" Akacheka kweli sasa. "La kwanza nitafanya. La pili hapana. Dunaway ana mjane, ana watu wanaoweka maua kaburini kwake. Nitaonekana mwendawazimu. Una ushahidi gani?"

Nilimwona Leota anafungua mkoba wake, anagusa karatasi za vistari, kisha anaacha. Nadhani alikuwa anazifikiria zile pumzi mbili.

"Basi aipige yeye sasa," akasema. "Upya. Na jina lake liandikwe kwa hiyo."

Hilo Lasher alikubali, kwa kuwa lilikuwa dogo kwake.

Tulidhani Tillery atafurahi. Alikasirika. "Nani alikuomba?" akamwambia Leota mbele ya bendi nzima. "Unanipeleka mbele ya kipaza sauti ili nikikosea useme nilikuwa mwongo, si ndiyo?"

"Ikiwa hukosei hakuna tatizo," akasema Leota.

Gil Prentiss alisikiliza, akaelewa polepole kinachosemwa. Akasimama. Nilitegemea ugomvi.

"Siku ile nzima napiga noti zako, mzee," akamwambia Tillery, "unanisikiliza hapo, husemi kitu?"

"Ulikuwa unazipiga vizuri," akasema Tillery. "Isipokuwa zile za ngazi."

Gil akahama kiti. Hakufurahi, nisimpambe, na wiki nzima iliyofuata alinung'unika kwamba amenyang'anywa. Lakini alihama.

Taa nyekundu ikawaka. Tukaingia, tarumbeta, tromboni, mimi na ngoma chini. Tillery akasimama mbele ya kipaza sauti, mabega juu. Akaanza ile solo kama ilivyo, vipimo vinne, vitano, kisha akaiacha. Alikwenda mahali pengine. Sauti yake ilikuwa nzito sasa, na pale ambapo kijana wa Chicago alipanda haraka, huyu alikaa chini, akasema jambo moja mara mbili, akanyamaza kipimo kizima, akarudi. Nilisahau kuangalia karatasi yangu. Ngozi ilinisisimka mpaka kwenye vidole, na vidole ndivyo nilivyokuwa navihitaji.

"Mzee," sauti ya Lasher ikaja, "hiyo si ile."

"Ile nilishaipiga," akasema Tillery.

"Wateja wanataka ile."

"Hakupiga kilichoandikwa," akasema Leota kwa ukali kutoka ukutani, ingawa nilimwona anafuta miwani.

Tukarudia. Mara hii Tillery aliipiga kama ilivyo kwenye santuri ya zamani, noti kwa noti, vile vipimo viwili vyake na vyote, na ndiyo iliyotoka kwenye santuri. Kwenye kijitabu, ukurasa wa mwisho, herufi ndogo: saksafoni ya tenori, A. Tillery, kwa mtindo wa Rex Dunaway. Mkanda wa mara ya kwanza sijui uliishia wapi. Leota alikuwa na hakika kwamba Lasher aliufuta makusudi. Mimi nadhani waliurekodia kitu kingine juu yake, kama walivyofanya kwa mikanda yote.

Lasher hakumpa Leota kazi tena. Alinakili muziki wa filamu, na wa matangazo ya sabuni, na maisha yakaendelea. Lakini jambo halikumtoka. Mwaka 1984 mkusanyaji mmoja alikuwa anaandika kitabu kikubwa cha kuorodhesha nani alipiga nini kwenye kila santuri ya swingi, Leota akamwandikia barua ya kurasa nne, pamoja na vistari vyake vyote, vile tisa na vile viwili. Nilimshauri aviache vile viwili. Alinitazama kana kwamba nimemshauri aibe.

Kitabu kilipotoka tulikutana watatu kwenye duka la maandazi. Leota alifungua ukurasa. Palikuwa pameandikwa: Dunaway au Tillery, na alama ya kuuliza.

"Hii ni dharau," nikasema. "Au! Baada ya yote yale!"

"Ningekuwa mimi ninayeandika, ningeweka hivyohivyo," akasema Leota.

Tillery alivuta kitabu karibu, akakisoma kwa muda. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo siku hizo, hapigi tena. "Kinapatikana wapi nikinunue?" akauliza. Nikamwambia hicho ni chake, tumemletea.

Leota akaegemea meza. "Amos. Zile pumzi mbili. Kipimo cha sita na cha kumi na tatu. Kwa nini hukukata mapema kama kwingine?"

Tillery akafikiri kwa uaminifu kabisa, kope zimeshuka.

"Bi Leota, nilikuwa na miaka kumi na tisa, watu wazima kumi na watano wananiangalia. Nilipumua nilipoweza."

Leota aliyapima maneno hayo, akageuza kichwa upande, kama anasikiliza kitu kinachozunguka polepole.

"Inawezekana," akasema.

Tillery akacheka mpaka akakohoa, nami nikaagiza kahawa nyingine kwa wote.